Tiyo Niliyoishusha Mwenyewe

Jumanne, tarehe 5 Novemba

"Filta ikikaa chini, moteri itakunywa maji." Ndivyo alivyosema leo Fundi Kassimu, garajini kwake, mbele ya watu. Ujinga! Moteri inapumua, na hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Anayetaka nguvu atafute hewa baridi. Nimesoma kurasa arobaini juu ya jambo hili. Yeye hajasoma hata moja.

Na hiki kifaa cha jeep yangu nilichoagiza Lubumbashi, eti "cha hewa baridi", kimekuja na filta ya kukaa juu, pembeni ya moteri, penye joto kama jikoni! Nataka tiyo, bomba la kuvuta hewa, iongezwe, ishuke hadi nyuma ya bampa. Kassimu amekataa. Eti mvua imeanza, mito ya njia ya Kabambare anaijua.

Nikamwambia: wewe unajua gari, mimi ninajua sababu.

Watu walicheka. Nilifurahi.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Nimefanya mwenyewe. Kipande cha tiyo ya maji, kona moja, msumeno, na ukanda wa mpira wa baiskeli wa kukazia. Kazi ya saa tatu tu!

Na mlio wake! Jeep inafoka. Nilipita mbele ya msikiti polepole, kisha nikakanyaga. Watu wakageuka. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwalimu wa historia — wakageuka! Kassimu alisimama mlangoni pake akifuta mikono kwa kitambaa.

Nimeshinda.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Kassimu amekuja baada ya sala, bado na kanzu. Binti yake Hidaya yuko Kabambare kwa mume wake, mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Muuguzi amesema aletwe hospitali hapa Kasongo, tena asipande pikipiki.

— Mwalimu Régina, ni wewe tu uko na gari ya kufika kule.

Nilikubali hapo hapo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini:

— Kitu kimoja tu. Turudishe ile tiyo juu. Nusu saa.

Nikamuuliza: unaniomba gari, ama unaniomba nikubali nimeshindwa?

Akatazama viatu vyake.

— Nakuomba gari, mwalimu.

Jumapili, tarehe 10 Novemba. Kabambare

Nimefika bila shida. Mito ilikuwa mikavu karibu yote. Njiani nilikuwa nikitunga jibu langu la mwisho kwa Kassimu, lenye vipengele vitano. Hidaya mpole, uso umevimba hadi macho yamekuwa madogo. Tunaondoka kesho asubuhi. Mvua inapiga bati tangu saa tisa.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Lusangi

Kijito kabla ya Lusangi kilikuwa kimejaa. Wenye pikipiki walisimama pande zote mbili wakitazama. Hidaya, kule nyuma, akasema polepole: "Mama, baba hapa anasimamaka kwanza. Anatoa mukanda wa feni usirushe maji. Na anaangalia filtre iko wapi."

Nilijua filta iko wapi. Niliishusha mimi!

Nikaingia. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa Kassimu alikuwa anasema maneno ya Kassimu.

Katikati ya maji, mgongano mmoja wa chuma. Kisha kimya.

Wakulima walitusukuma hadi ng'ambo. Ilibidi Hidaya ashuke ili gari liwe jepesi — ile miguu, ndani ya maji hadi magotini. Kisha tukampandisha kwenye pikipiki, mke wa mwenye pikipiki amemshikilia kwa nyuma. Pikipiki! Kitu kile kile alichokatazwa. Kabla hawajaondoka alinishika mkono. "Pole, mama, gari yako." Alinipa pole mimi.

Mzee mmoja aliuliza gari limekuwaje. Nikasema: barabara. Serikali. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa.

Kisha nikapanda kilima kutafuta mtandao, nikampigia Nadine, anayeninakilia na kunibandikia karatasi zangu za kila wiki kwenye ukuta wa soko. Nikamsomea ya wiki hii. Kichwa chake: NANI ATAJIBU KWA BARABARA YA KABAMBARE? Nimeandika mengi ya kweli maishani. Hili nalo ni kweli. Ndiyo uchafu wake.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Nimerudi kwa pikipiki. Hidaya alipasuliwa jana. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, anapumua. Hidaya mwenyewe alishikwa na kifafa cha mimba njiani, kilomita chache kabla ya mji, na hajaamka vizuri.

Kassimu alikuwa uani hospitalini. Nilitaka kumwambia juu ya tiyo. Akanishika kwa mikono miwili: "Wallahi, mwalimu, umejitoa. Ile barabara ni mbaya sana." Watu wamemsomea karatasi yangu. Wameanza kuniita shujaa.

Nikawaacha waniite. Mimi!

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Lori limeileta jeep. Watu walijaa garajini, mmoja ana karatasi yangu mkononi, ameibandua ili aje nayo. "Fundi, fungua tuone barabara imefanya nini!"

Kassimu akatoa buji, plagi za kuwashia moto. Moteri ikagoma kuzunguka kwa ufunguo. Akasukuma gari nyuma likiwa kwenye gia, maji yakaruka kutoka ndani ya moteri yakamlowesha kifua. "Bielle, mkono wa pistoni, imepinda," akasema. Akapiga magoti mbele ya bampa, akaingiza mkono. Akatoa filta. Matope, na jani zima limekwama ndani.

Akaitazama. Akaitazama tiyo yangu, na ule ukanda wa mpira wa baiskeli. Akanitazama mimi.

Kisha akaifunga filta katika kitambaa chake, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

— Ni barabara, akawaambia. Nendeni kazini.

Nimeketi na gundi na karatasi nyeupe tangu saa sita mchana. Hospitali hawajatuma neno. Nimechana nne, zote zilianza na serikali. Hii ya tano nimeianza hivi:

Ninyi mnaosoma ukuta wangu pale sokoni, na wewe hasa uliyekuja garajini na karatasi mkononi: chaneni ile ya barabara. Kisha nendeni garajini, wote, mchana kweupe, mkamwambie Fundi Kassimu atoe kilichomo mfukoni mwake.