Mfupa Uliogonga Beseni

Rubona, Rubavu, Rwanda
9 Agosti 2025

Mpendwa kaka Gatete,

Pokea salamu kutoka hapa kilimani, juu ya bandari. Hujambo huko Kigoma? Mkeo Umutoni hajambo? Na kikohozi cha mtoto Belise kimepoa, au bado anawakesheza? Sisi miili ni mizima. Kiangazi ni kikali mwaka huu, vumbi hadi ndani ya sufuria.

Kaka, keti kwanza. Kwa simu nilijaribu mara mbili, nikakata kabla hujapokea, ndiyo maana nimempa Mucyo, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mkononi. Jumapili nilikupigia nikasema tumempata baba yako. Si yeye. Nisamehe.

Tulikuwa tunachimba shimo la choo kipya. Siku ya tatu mafundi wakakuta mbavu mbili na kipande cha mfupa wa mguu. Unajua kwetu mifupa ikionekana, jembe linawekwa chini. Nilimwita kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji chetu, na kabla hajafika, mimi na kimbelembele changu nilikuwa nimeshampigia mama yako. Baba yako, mzee Wellars, alionekana mara ya mwisho akishuka njia hii hii kuelekea ziwani, mwaka ule wa mauaji, tisini na nne. Ningefikiria nini kingine?

Mama yako, shangazi Laurence, alikuja na beseni jipya na kile kitambaa cheupe alichokitunza miaka yote. Aliiosha mifupa mwenyewe, polepole, akiita jina la baba yako. Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Mfupa ulipogusa beseni uligonga kama jiwe, na ulikuwa mzito kupita kiasi. Nilisikia, kaka. Nikanyamaza, kwa kuwa tangu nipate akili sijawahi kumwona shangazi ametulia vile. Kisha nikatoka nje nikakupigia.

Jumanne mafundi wakakuta jino kubwa chini zaidi, akaletwa mtaalamu wa mabaki ya kale, mtu mpole. Alisema ni kiboko, na mifupa yake imegeuka jiwe kwa kukaa ardhini maelfu ya miaka. Kiboko! Mimi nimezaliwa hapa na sijaona kiboko katika ziwa Kivu hata siku moja. Akasema ndiyo maana mifupa hiyo ni ya thamani: kiboko hakai mbali na maji, basi hapa palikuwa na maji na majani ya kumlisha, hata kama leo ni mlima mkavu. Eti hata jangwani Sahara wamechimbua mifupa ya viboko na samaki. Wanaweka alama kwenye ramani, mfupa kwa mfupa, mpaka wanajua mnyama gani aliishi wapi.

Alipokuwa anaandika jina la kilima, kina cha shimo na tarehe, shangazi alimuuliza anajisumbulia nini. Akajibu kwamba mfupa usiojulikana ulikotoka hauwezi kueleza mengi. Shangazi akacheka, kicheko kibaya.

"Bon," akasema. "Hii kiboko iko na mufupa, na iko na fasi yake kwa ramani. Bwana yangu iko na jina tu."

Tangu hapo chakula anaonja, anasukuma sahani. Kitambaa amekianika kwenye kamba yangu na hataki kiguswe.

Najua umeshaomba ruhusa kazini uje kuzika. Usiirudishe. Njoo na hasira zako zote, nitazipokea, ni haki yako. Usiseme kwamba hakuna msiba, Gatete. Mama yako amefiwa mara ya pili, na safari hii aliyempelekea habari ni mimi.

Msalimie sana Umutoni na watoto. Mume wangu Kimenyi anakusalimu pia. Shimo lile tumeliacha, tutachimba kwingine. Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwa mama yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Verediane