Uzito wa Mtu wa Nyuma

Shauri Moyo,
Nairobi.

Mpendwa Dada Roseline,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kimilili, wewe, shemeji na watoto, na Mama kuliko wote. Natumaini goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimempa Bwire, anayesafiri kuja huko, barua hii aje nayo mkononi kwa sababu mambo yaliyomo hayafai simu. Tafadhali isome kwanza peke yako, ukiwa umeketi.

Kibanda changu bado kipo pale nyuma ya soko, na wateja wanakuja. Siku hizi kazi inayonipa jina ni ya springi za nyuma za pikipiki. Watu hudhani pikipiki ikitoka dukani imekamilika, kumbe imetengenezewa mtu asiyejulikana. Mwembamba akikalia springi zilizokazwa, kila shimo linamrusha. Mnene akikalia zilizolegea, mkia wa pikipiki unaburuzika chini. Kwa hiyo humketisha mwenye pikipiki, nikatazama mkia umeshuka kiasi gani, kisha nazungusha pete ya springi hadi chombo kimkubali. Humuuliza pia anaendeshaje, maana kuna anayelalia kona na kuna anayeziogopa.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa bodaboda anayeitwa Mutisya, wa steji moja ya Huruma. Ni mwembamba kama ufito.

“Niaje fundi,” aliniambia, akigonga tangi la pikipiki yake. “Hii nduthi imekuwa nzito nikiwa peke yangu, na sijui imekula nini.”

Nilimketisha. Mkia ulishuka kana kwamba amebeba abiria mzima. Nikasema springi zimekufa, nikamtilia mpya. Alipozikalia, mwanzoni zilimbeba vizuri. Kisha, kabla hajainua miguu kutoka chini, mkia ukashuka tena, polepole, kama mtu aliyepanda sasa hivi na anajiweka sawa. Tulitazamana. Nilikaza pete hadi mwisho, akaenda zake.

Alirudi baada ya siku chache akiwa amekonda zaidi. Alisema abiria wanamkwepa. Mama mmoja alikuwa ameinua mguu apande, akaushusha, akamwambia kwamba ana mtu tayari. Safari hii niligundua kwamba springi ya kushoto ndiyo iliyobanwa zaidi, ya kulia iko karibu huru. Nikapima fremu, imenyooka. Nikamwambia Mutisya ashuke nitazame vizuri. Alishuka, akasimama kando yangu, na mkia ukabaki chini.

Dada, ilikuwa mchana kweupe. Wauza mitumba walikuwa wakipita na marobota yao, redio ya kinyozi inaimba, na mimi nimepiga magoti mbele ya pikipiki isiyo na mtu iliyolemewa na mtu.

Nilimwomba ufunguo, nikatoka nayo mwenyewe, maana springi haijui kueleza; ni lazima uisikie kwa kiuno. Kwenye njia iliyonyooka ilitulia. Kwenye kona ya kulia, uzito wa nyuma ulikataa kulala nami. Ulijivuta kushoto taratibu, kwa adabu, kama mtu anayehurumia nyonga yenye maumivu. Kwenye tuta uliinuka ukiwa umechelewa, kisha ukakaa tena upande uleule. Bila kufikiri, nilijikuta nimesogeza bega langu la kulia ili kuusawazisha. Bega lilifanya hivyo lenyewe, kwa mazoea ya zamani. Ndipo nywele ziliponisimama.

Unakumbuka Wanyonyi alivyokuwa akiketi tangu alipovunjika nyonga. Mimi ndiye niliyembeba kwa pikipiki ya Baba kwenda zahanati, wiki baada ya wiki, na mimi ndiye niliyejifunza kuendesha kinyume naye kwenye kila kona. Ndugu yetu tumemtafuta tangu alipoondoka kwa hasira baada ya matanga ya Baba. Sijamwona mtu mwingine anayekaa hivyo.

Niliporudi, nilimuuliza Mutisya ni nani aliyepanda pikipiki yake na hakushuka. Kwanza alikana. Halafu akaketi juu ya tairi akafunika uso. Alieleza kwamba kabla ya pikipiki kuwa nzito, wapangaji wa ploti moja Huruma walimpandishia mgonjwa, kibarua wa mjengo asiyejulikana sana, ampeleke hospitali. Njiani mgonjwa aliegemeza kichwa mgongoni mwake akamwomba aende pole kwenye kona. Walipokaribia hospitali, kile kichwa kikawa kizito. Mutisya alimlaza kwenye benchi ya langoni, akaita mlinzi, na kabla mlinzi hajafika akakimbia, akihofia kuulizwa na polisi kwa nini abiria wake ni maiti.

Nilimwambia tutaenda pamoja. Jumanne mchana tulifika chumba cha maiti cha hospitali ile tukaonyeshwa wale wasio na majina. Dada yangu, alikuwa Wanyonyi. Amezeeka kuliko umri wake, lakini ni yeye, na nyonga ni ileile. Pole sana. Nimelia hadi nimenyamaza.

Tulirudi kwa ileile pikipiki, mimi nikiwa nyuma ya Mutisya. Kiti kile kina nafasi ya kutosha, lakini nilikaa ukingoni kabisa, na katikati yetu palikuwa na baridi. Tulipofika kibandani, kabla ya kushuka, niliita jina lote la Wanyonyi, na lile la babu, nikamwambia kwa Kibukusu kwamba tumemwona, kwamba hakuna anayemkasirikia, aende nyumbani kwa Mama. Springi ya kushoto ikapumua. Mkia ukainuka kidogo kidogo, chini yangu nikiwa bado nimekaa.

Mutisya aliuliza bila kugeuka, “Fundi, umeshuka?”

Nilimwambia sijashuka.

Tutamleta Jumamosi. Tafadhali umwambie Mama wewe, polepole, baada ya kula, na umwombe mchungaji awe karibu. Mutisya ameomba kuja, nami nimemkubalia. Mpokeeni vyema, amebeba mengi. Wasalimie watoto wote na majirani wa pale kisimani.

Lipo jambo moja ninalotaka unijibu kwa ukweli, hata kama nitakuwa nimeshafika. Nilimwambia Wanyonyi aende nyumbani, wala sikumwambia asubiri jeneza. Je, Jumanne ile jioni, kuna aliyebisha hodi mlangoni kwa Mama?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Clare Khalayi