Jitu la Chuma na Fimbo Yako

Mpwa wangu, hujambo?

Mji huu fimbo ya pool haipindi bila ruhusa yangu. Uliniandikia, "Mjomba, chagua mashine ndogo ya kukereza, mradi fimbo ipite tunduni mwake izungushwe na kuchongwa." Ndogo! Nilitema mate. Nikachagua jitu la chuma, wanaume sita kulibeba.

Sasa linanitia kichefuchefu. Linatapika oili nyeusi, linanuka panya aliyeoza, na nikinawa mara kumi mikono bado inanuka. Tunduni hupita kidole tu. Muuzaji akacheka: "Mzee, hiyo ni ya kukereza bolti!" Mshenzi yule, meno yenyewe yana kutu.

Najua Jumamosi unashindana. Fimbo yako ilikuwa imepasuka ncha tu. Niliikata katikati ili ienee kwenye mashine.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu