Kaburi Namba Moja

Jumatatu, 15 Machi 1993
Leo nimekuwa mtu mkubwa. Makaburi ya taifa ya askari wa zamani yatafunguliwa hapa Kolwezi, na mimi, mzee kuliko wote waliopigana Abisinia, nimepewa shimo la kwanza! Tata Mbayo, mwenyekiti wetu, alinipeleka kuliona. Zuri. Upepo kidogo. Mke wangu Ndaya aliuliza yeye atalala wapi. Eti wake hawaruhusiwi. Amenuna, na chakula sijapewa.

Alhamisi, 18 Machi
Tatizo. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, mkubwa anatoka Lubumbashi na fanfari, bendi ya matarumbeta — na hakuna aliyekufa. Ni kama kufungua baa bila bia. Mbayo anazunguka kuwajulia hali wazee. Kwangu amerudi tena. Nilipokohoa, alikaa vizuri kwenye kiti.

Jumanne, 23 Machi
Vijana wamekuja na fimbo. Watu wote wenye asili ya Kasai, kama sisi, watoke, wakangoje treni. Nikasema mimi niko hapa tangu baba zao hawajaoa. Wakaniita kilulu, mdudu. Imeniuma, sifichi. Wameng'oa hadi mlango. Ndaya alibeba mbabula, jiko letu, na makaa yake, mimi nikabeba medali.

Jumatano, 24 Machi
Gare, stesheni ya treni. Watu juu ya watu, treni hakuna. Mbayo akaja mbio, machozi yanamlengalenga. Nikaguswa. Kumbe!
— Tata Muamba, bakikupeleka Kasai, nani atafungula makaburi yetu?
Nikamwuliza: kwa hiyo nikiwa hai nifukuzwe, nikiwa maiti nibaki? Akajibu kwamba hilo la pili comité, kamati yetu, inaweza kulipanga.

Ijumaa, 26 Machi
Tumehamia kwenye shimo langu. Ndipo mahali pekee Kolwezi penye jina langu. Mke aliye hai anaruhusiwa? Mbayo anasema sheria haikufikiria hilo. Ndaya amebandika maharage.

Sasa hivi vijana wamefika, na fimbo zao. Mbayo, masikini, amesimama mbele yao.
— Uyu hatatoka. Hii fasi ni yake.
— Atakufa siku gani? akauliza mmoja.
Mbayo akanigeukia. Sherehe ni kesho. Kwa upole sana akaniuliza kifua kinaendeleaje. Ndaya akanikanyaga mguu.
Nikakohoa.
Wameshauriana, kisha wameketi ukingoni mwa shimo, wangoje nife. Naandika huku nakohoa. Maharage yameiva, na Ndaya ananikataza kula kwa hamu mbele yao —