Mgeni Ndani ya Eda

Mafiga, Morogoro
12 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hali yako vipi na kukaa ndani? Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila sina raha.

Barua hii imeletwa na Andrea wa ndizi, pamoja na mtu. Huyo ni Patigul, mpangaji mwenzangu, niliyekuwa nikifuturu naye. Ni Muighur, kwao China, Mwislamu kama sisi. Kaka yake alisalisha watu nyumbani akachukuliwa na askari. Huu mwaka wa sita hajulikani alipo. Pasipoti ya Patigul imeisha, ubalozi wao umemwambia aifuate kwao. Rafiki yake aliyekubali kurudi, simu yake haijaita tena. Juzi watu wawili walikuja kumuulizia hapa. Wakimpata wanampandisha ndege.

Wakili Yuliana anamwombea ukimbizi. Anasema akishapata karatasi yenye mhuri, hatarudishwa kwa nguvu. Mama, mfiche chumbani kwako. Nani ataingia kwa mjane wa eda? Na tusitumie simu, tafadhali.

Mwanao,
Mwanvita

Milimani, juu ya Mkuyuni
21 Julai 2025

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Miguu inauma, mgongo unauma, na sasa nina mgeni. Ungeuliza kwanza! Baba yako Kibwana hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, unaniletea balaa mlangoni.

Haya, yupo. Tunalala kitanda kimoja. Anayeingia ni mdogo wangu Pili tu, na chakula. Mawifi zangu wakija Ijumaa, namsukumia stoo nyuma ya magunia ya karafuu, nawapokea sebuleni. Nimemwita Fatuma. Anavuta tambi kwa mkono, na zinaliwa, siwezi kusema uongo.

Jumatano mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wageni wawili wa mjini. Kuna mtu alimwona Fatuma akishuka garini sokoni. Mjomba wako Twalibu akasimama mlangoni: "Humu kuna mjane. Dada yangu hatazamwi na wanaume." Mmoja akataka kupita, mwenyekiti mwenyewe akamvuta shati. Fatuma alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Waliondoka, lakini pikipiki yao bado iko njia panda.

Mama yako

Mafiga
18 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote wawili wazima. Nina habari njema! Faili linapokelewa Jumatatu, tarehe 8 Septemba. Nimehesabu kwenye kalenda: baba alifariki 30 Aprili, miezi minne na siku kumi inaisha tarehe 9. Siku moja kabla! Mhuri ukigongwa tu, jioni ile ile nipo nyumbani na karatasi.

Msalimie Fatuma wako.

Mwanvita

Milimani
29 Agosti 2025

Mwanangu,

Umesoma mpaka chuo, halafu eda unaihesabu kwa kalenda ya ukutani! Lo! Eda inakwenda na mwezi wa mbinguni. Baba yako alifariki mwezi mosi Mfungo Pili. Natoka mwezi kumi Mfungo Sita, Alhamisi tarehe 4, kabla ya Maulidi. Shangazi yako Asha ameshaalika watu.

Unajua mambo yanavyokwenda. Wanawake wataniogesha, nguo za marehemu zitagawiwa, chumba na stoo vitafagiliwa mpaka pembeni. Kisha wanaume wanaingia kusoma dua. Mwenyekiti anakuja, na wale wageni wake anakuja nao.

Nimpeleke wapi, Mwanvita?

Mama yako

Mafiga
1 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimelia mpaka basi. Wakili ameomba tarehe isogezwe, wamekataa. Njiani magari yanasimamishwa, Andrea amefunuliwa mpaka ndizi zake. Msimshushe Fatuma. Kosa ni langu.

Mwanvita

Milimani
5 Septemba 2025

Mwanangu,

Sijambo, na aliye ndani hajambo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Jana wanawake walijaa, maji ya kuoga tayari, Asha ameshika ufagio wa stoo. Nikafungua mlango nusu nikasema: "Eda yangu haijaisha. Nina mimba ya marehemu."

Halafu jirani yangu Shakila akacheka mpaka akakaa chini: "Kwa umri huo?" Nikamwambia arobaini na nne si mia. Shekhe akaulizwa, akajibu kwamba mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Mwenyekiti na wageni wake wakanywa chai, wakaondoka.

Nimesema uongo ndani ya eda ya mume wangu. Kila sala naomba msamaha, na kila sala najua kesho nitausema tena. Naogopa, mwanangu. Tumbo ni kanga tatu, ananifunga Fatuma kila asubuhi. Mara ya kwanza alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Mama yako

Mafiga
10 Septemba 2025

Mama! Mama wewe!

Shikamoo mara mia. Ningekuwa na habari ya kukufurahisha ningeanza nayo. Juzi faili wamelipokea, mhuri hawakugonga. Wamesema turudi tarehe 19 Januari.

Safari hii nimehesabu kwa mwezi wa mbinguni. Siku zako za kujifungua ndizo hizo hizo.

Nisamehe,
Mwanvita

Milimani
3 Januari 2026

Mwanangu,

Tu wazima, Alhamdulillahi. Fatuma hajaona jua tangu Julai. Siku hizi anatamba kwa Kiluguru, ananigombeza nikiacha chakula. Wale wawili wamepanga chumba kwa mwenyekiti. Mkunga wa zahanati ametuma salamu mara tatu, anataka kunipima.

Jana shangazi yako Asha alikuja. Unajua Mungu hakumjalia mtoto. Amefuma kofia ndogo, nyeupe, ameifuma mwenyewe miezi yote hii na macho yake mabovu. Akaiweka juu ya kanga zile, akasema, "Kaka yangu anarudi." Nikalia. Akadhani ni furaha.

Nimeipokea. Ningefanyaje? Fatuma alisikia yote kutoka stoo. Alipotoka aliniambia yuko tayari kujisalimisha kwa wale wawili, asiniaibishe. Nimemfungia mlango, ufunguo ninao shingoni.

Siku nikitoka humu, sijui Asha nitamtazamaje. Hilo niachie mimi. Wewe tarehe 19 wahi.

Mama yako