Tochi Iliyowaka Kisimani

Mutua ndugu yangu,

Hewa ya kisima ulichofia imepimwa. Mwanafunzi wangu wa zamani aliivuta kwa mpira mrefu, akaifungia chupani, tukaipeleka maabara Nairobi.

Ungenicheka kwa maswali niliyouliza. Mashine yenyewe huitwa spektromita ya masi. Kwanza pampu huondoa hewa yote ndani yake, libaki ombwe, ili chembe za gesi zisigongwe na nyingine njiani. Kisha gesi kidogo sana huingizwa. Elektroni huzigonga chembe hizo na kuzipa chaji, halafu sumaku huzipinda: nyepesi hukata kona kali, nzito hupinda kidogo tu. Kila moja huangukia mahali pa uzito wake. Oksijeni, yenye uzito wa thelathini na mbili, ilikuwa haba. Kaboni dioksidi, arobaini na nne, ilijaa. Hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini ya kisima kama maji yasiyoonekana.

Ndiyo iliyokuua. Si mke wako.

Baba alitufundisha kushusha koroboi kwanza; ikizimika, usishuke. Ulifanya hivyo katika visima vyote ulivyochimba Mutomo. Kisha mkeo Mwende akakununulia ile tochi ya kichwani, ukaniambia, "Mwalimu, hii haizimwi na upepo." Wala haizimwi na kukosa oksijeni, ndugu yangu. Tulipokutoa ilikuwa bado inawaka. Ukoo ukasema: taa inawaka na mtu amekufa, basi hewa ilikuwa nzuri, tochi ndiyo iliyorogwa. Udongo wa kaburi lako haujakauka, Mwende akafukuzwa hadi kwao Makueni.

Niliwaita nikawasomea majibu. Nikawachorea hata ile sumaku. Mzee Kilonzo akauliza, "Sasa Mwalimu, hiyo mashine inapima uchawi?"

Nikasema haipimi.

"Basi haijamaliza kazi."

Wakacheka, wakaomba chai. Nusu yao niliwafundisha mimi. Nilipotoka nje niliona ng'ombe wao wakila mbaazi za Mwende, nikajua nilikuwa nimemaliza chaki yangu bure. Walikuwa wameelewa tangu mwanzo. Shamba ni tamu, Mutua.

Sitawachorea tena. Jumamosi naenda Makueni kumrudisha, na nitaweka kiti changu mlangoni pake mpaka ng'ombe watoke.

Pumzika, mdogo wangu. Koroboi ya baba nimeitundika kisimani, imejaa mafuta. Tochi yako ninayo. Nitaiweka mkononi mwa Mwende, mchana, wote wakitazama.

Kaka yako.