Barua Namba 214

Jumatatu, 15 Oktoba 2001

Imeli nne leo asubuhi. Nimezichapa, nimezigonga muhuri, nimeziandika daftarini, namba 201 hadi 204. Kisha nimezifuta kwenye kompyuta. Kitu kikishatoka kwenye karatasi hakina sababu ya kubaki mle ndani pia. Barua mbili za jambo moja ni fujo.

Kompyuta iko ofisini kwangu tangu mwezi wa nne. Ndiyo pekee ya kitivo iliyounganishwa na intaneti, na inatumia laini ya simu ya Doyen, mkuu wetu wa kitivo. Akiinua simu wakati barua inashuka, inakatika, naanza upya. Leo ameinua mara tatu. Nimemtukana moyoni, Mungu anisamehe.

Walimu wa Ubelgiji hawaji tena tangu vita. Masomo yao ndiyo yanayokuja, kwa waya. Leo sura ya tano ya jenetiki, kurasa thelathini na moja. Wanafunzi wamejazana mlangoni kama wagonjwa kwenye dispensari, wakinisubiri nichape. Mwalimu yuko Ulaya, anayelisha mashine karatasi ni mimi. Chuo kikuu ndiyo hiki sasa.

Jumatano, 17 Oktoba

Kikao cha kitivo. Imeli ya maswali ya mtihani ilipotea mwezi uliopita, kisha ikaonekana mikononi mwa wanafunzi. Doyen aliuliza tufanye nini. Walimu wakatazama meza.

Nikainua mkono. Nikasema imeli ni barua, basi ipite njia ya barua. Ichapwe, ipewe namba, iende kwa Doyen, aandike "vu" kwamba ameiona, ndipo itolewe. Mwenye barua aje asaini. Bila "vu" hakuna karatasi inayotoka, wala neno lililomo ndani yake. Amekubali palepale. Tangazo limebandikwa mlangoni kwangu kabla ya saa sita.

Miaka ishirini na miwili nashika daftari hili. Safu ya mwisho ni ya sahihi ya mpokeaji, na sijawahi kuacha mstari mtupu. Kaka yangu Seif, mwenye duka la vitambaa, husema nimeolewa na daftari. Nilimjibu kwamba daftari halikoromi.

Nimefurahi leo. Naliandika kwa sababu si jambo la kila wiki.

Ijumaa, 19 Oktoba

Prosper amekuja tena. Kijana wa biolojia, mrefu, mkimya. Ametetea kazi yake ya mwisho mwezi wa saba, juu ya ugonjwa wa majani ya muhogo. Profesa mmoja wa Ubelgiji aliyewahi kufundisha hapa alimwambia atamtafutia nafasi ya miaka miwili kule. Prosper hana anwani ya imeli yake mwenyewe. Alitoa ya kitivo, kama wanavyofanya wote.

Anatoka mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa mji, kwa miguu. Anaishi na mama yake tu. Baba alitoka nyumbani mwaka wa tisini na tatu, hakurudi. Prosper haulizi kwa sauti. Anasimama nje ya mlango mpaka umwone.

"Mama Rahma, apana kitu?"

Sina mtoto anayeitwa Rahma. Rahma ni mimi. Lakini mwanamke wa umri wangu lazima awe mama wa mtu, basi wananiita hivyo.

Nimemwambia bado. Amesema atarudi wiki ijayo.

Jumanne, 23 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Imefika. Namba 214.

Nafasi ipo. Nauli ipo. Chumba kipo. Prosper ajibu kabla ya Ijumaa tarehe 26 jioni, la sivyo anapewa mwingine. Akishajibu aende ubalozini na pasipoti mara moja. Awe amefika kule tarehe 7 Januari.

Nimechapa. Nimegonga muhuri. Nimefuta. Nimeweka kwenye folda ya Doyen. Doyen hakushuka leo. Yuko nyumbani kwake Kiriri, mlimani, amesikia risasi zimelia jana upande wa kaskazini, anasubiri hali itulie. Dereva wake atachukua folda kesho.

Saa tano Prosper amesimama mlangoni. Folda iko mezani, kati yangu na yeye.

"Apana kitu, mama?"

Nimesema bado haijatoka. Nimejiambia kwamba si uongo, kwa Doyen kweli haijatoka. Amenishukuru.

Tangazo lina siku sita tu. Jana nilimkatalia msaidizi wa profesa wa kemia, mtu mzima, na akanuna. Nikimpa huyu, kesho nitamwambia nini yule?

Jumatano, 24 Oktoba

Mvua. Dereva amechukua folda saa kumi.

Prosper alikuja kabla yake, viatu vimejaa tope. Aliuliza, nikamwambia kesho. Kisha nikaongeza kwamba haraka haraka haina baraka. Akacheka kidogo kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa.

Ningeweza kusema. Maneno matatu tu yalitosha. Nililiogopea tangazo langu kuliko nilivyomwogopea yeye.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mizinga tangu alfajiri, upande wa kaskazini. Vioo vya ofisi vinatetemeka. Wanajeshi wamefunga barabara ya Mutakura na hakuna anayeingia wala kutoka. Hivyo ndivyo wanavyosema wafagiaji, na wafagiaji hujua kabla ya redio.

Prosper hajaja.

Folda haijarudi. Nimempigia Doyen. Nikamwambia kuna ya Prosper, mwisho ni kesho. Amesema tutaona Lundi. Nikasema Jumatatu nafasi itakuwa imepita. Kisha akasema, bila hasira:

"Mama Rahma, si ni wewe ulitaka ipite kwangu?"

Ni mimi.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nimevunja sheria yangu mwenyewe. Najibu badala ya Prosper.

Lakini barua nimeifuta. Karatasi iko Kiriri. Daftarini nimeandika jina la profesa na jambo, sikuandika anwani yake ya imeli. Anwani! Miaka ishirini na miwili, na hilo halina safu. Nimekaa nikiangalia mstari wa 214 kama mjinga.

Kisha nikakumbuka sura ya tano. Ni ya profesa huyohuyo, na juu ya ukurasa wa kwanza anwani yake hutoka yenyewe. Nimekwenda Mutanga Sud, wanakopanga wanafunzi, nikabisha milango minne kabla ya kupata nakala. Msichana aliyenipa alinitazama sana. Hawajazoea kuniona nakimbia.

Nimeandika kwa jina la Prosper, Kifaransa changu cha sekondari. Ninakubali. Ninashukuru. Nitafika. Nilipotaka kutuma, umeme ukakatika.

Nimekaa bila umeme kwa saa mbili. Nimesali Alasiri kando ya kabati. Umeme umerudi saa kumi na robo. Modemu ikalia kile kilio chake, nikashika mlango wa Doyen asitokee mtu wa kugusa simu. Imekwenda. Dakika moja, iko Ubelgiji.

Kutoka hapa hadi Mutakura mtu anatembea kwa saa moja. Huko sikuweza kufikisha hata neno.

Jumatatu, 29 Oktoba

Jibu limekuja. Wamempokea. "Kufuatia barua yangu ya tarehe 23 Oktoba na jibu lako, nathibitisha nafasi yako." Aende ubalozini mwenyewe. Hakuna anayeweza kumwendea.

Namba 219. Sikuipeleka popote.

Saa sita dereva ameleta folda. Ndani yake ile 214, na "vu" safi kabisa, na tarehe ya leo. Nimecheka peke yangu. Haikuwa kicheko kizuri.

Barabara bado imefungwa.

Jumanne, 6 Novemba

Barabara imefunguliwa jana. Leo nimeomba ruhusa, nimekwenda Mutakura. Seif alitaka kunisindikiza, nikakataa. Kizuizini askari alifungua mkoba wangu, akasoma karatasi ya 219 juu chini, akanirudishia.

Nyumba ya akina Prosper ina kufuli. Bati moja la paa limetoboka. Sufuria uani, imejaa maji ya mvua.

Jirani ametoka. Mkongomani, anaitwa Mama Furaha, anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Ndagala anazitoa Uvira, anavuka mpaka kila wiki. Nilijitambulisha kuwa natoka chuo.

"Walienda ile siku ya masasi, mama. Walibeba matela na shuka, basi. Mi naona walishika njia ya Uvira, lakini sijue muzuri. Batu bengi balienda."

Siku ya risasi, godoro na shuka tu. Nikamwuliza kama anaweza kumtafuta Prosper. Amefikiri.

"Nitauliza. Kule iko makambi mingi. Unipatie jina yake yote."

Nimempa jina lote na nakala ya 219 ndani ya plastiki. Ameikunja mara nne, akaitia kifuani. Hakuuliza imeandikwa nini. Nimemweleza duka la Seif liliko, akipata habari apite pale.

Nimerudi kwa miguu mpaka mjini. Nilitaka nichoke.

Jumamosi, 24 Novemba

Ramadhani. Funga njema, moyo mbaya. Mama Furaha amepita dukani kwa Seif. Hajampata. Kambi mbili ameuliza. Amesema atauliza nyingine.

Mama yangu ameniuliza mbona sili vizuri wakati wa kufuturu. Nikasema tumbo.

Alhamisi, 20 Desemba

Profesa ameandika. Ubalozi haumjui kijana wake. Prosper yuko wapi?

Nimejibu kwamba kuna vita. Ni kweli. Wengi siku hizi tunajificha nyuma ya vita, na vina nafasi ya kututosha sote.

Jumanne, 8 Januari 2002

Jana ilikuwa tarehe 7.

Leo asubuhi profesa ameandika mistari miwili. Nafasi amepewa kijana mwingine, wa nchi nyingine. Anasikitika. Nimeipa namba 6 ya mwaka mpya. Doyen ameandika "vu".

Kuna habari nyingine, na wote wanaizungumza. Kompyuta tatu zimekuja, msaada. Zimewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya ramani. Fundi amempa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anwani yake na neno lake la siri. Nimepita pale. Foleni mpaka ngazi. Mvulana mmoja amesoma barua yake akiwa amesimama, akapiga kelele ya furaha, wenzake wakampiga mgongoni. Hakuna aliyesaini chochote. Hakuna aliyemwuliza mtu.

Miezi miwili na nusu mapema ingetosha.

Nimerudi ofisini, nimelibandua lile tangazo. Gundi imebaki mlangoni. Nimeikwangua kwa kisu cha bahasha, haitoki yote.

Alhamisi, 17 Januari

Mama Furaha amekuja mpaka chuoni. Mlinzi alimzuia getini kwa sababu ya kapu la ndagala, nikashuka mwenyewe kumchukua. Nimempa kiti. Amekataa chai, kisha akainywa.

Amempata. Kambi iko mbali kupita Uvira, karibu siku nzima ya safari. Prosper anafundisha watoto chini ya turubai. Mama yake yupo, anaumwa miguu. Plastiki ile alimpa mkononi wiki iliyopita.

"Alisoma, akasoma tena. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Mi nikamwambia. Halafu akaomba kalamu."

Akatoa karatasi kifuani. Ni ileile 219, inanuka samaki. Nyuma Prosper ameandika kwa mwandiko wake wa maabara, herufi ndogo zilizosimama:

"Mama Rahma, asante kwa kunitafuta. Hii karatasi inasema kulikuwa barua ya tarehe 23. Hiyo siku nilipita kwako. Ile barua ilifika lini?"

Basi. Hakuna tusi. Ningependa tusi.

Nimemwomba Mama Furaha asubiri. Nimeanza kuandika habari za Doyen na za barabara. Nimechana. Nimeanza tena, na utaratibu, na umeme. Nimechana hiyo pia. Yeye alikuwa anapepea ndagala zake kwa gazeti, hakunitazama.

Ya tatu ni fupi:

"Prosper, mwanangu. Ilifika Jumanne tarehe 23, saa tatu asubuhi. Wewe ulikuja saa tano. Ilikuwa kwenye folda mezani, mbele yako. Niliijua yote na sikukwambia. Rahma."

Nimeigonga muhuri kwa mazoea, kisha nikaona muhuri hauna kazi hapo. Nimeuacha. Nimefungua daftari na kuiandika namba 11. Mpokeaji: Prosper, kambini. Safu ya mwisho nimeiacha tupu.

Imeanza mvua. Mama Furaha ameikunja karatasi mara nne, ameitia kwenye plastiki ileile. Kesho asubuhi anavuka.